Ulanzi Wangu Haufutwi!

Mhariri mmoja, simtaji maana bado anashika kalamu nyekundu na mimi bado naomba nafasi, alinirudishia mswada wangu akiwa amelikata neno "ulanzi" mara kumi na moja. Pembeni kaandika: "Weka bia. Msomaji wa mjini hataelewa."

Nikaweka bia. Usiku mmoja tu, kwa mkono wangu, nikafuta kitu kilichonilipia ada mpaka kidato cha nne. Aibu hiyo ni yangu, siyo ya mhariri.

Maana kwetu Mufindi Januari ndo mwezi wa ada, na Januari hiyohiyo mvua zimeshakolea na milanzi inatoa. Mjomba anaingia shambani alfajiri na kisu kikali. Anakata ncha ya chipukizi, kipande chembamba tu, anatega mbeta chini yake, utomvu unadondoka taratibu. Jioni anarudi kukata tena. Akizembea, kidonda kinakauka. Hakuna hamira, hakuna sukari, hakuna moto. Unaotoka shambani ni mtogwa, mtamu. Ukilala unakuwa mkangafu, na hapo ndipo wazee wanavuta viti. Ukicheleweshwa zaidi unachachuka, hauna mnunuzi. Na mvua zikikatika, basi tena, subiri mwaka ujao.

Sasa niambieni, wenzangu mnaojifunza uandishi kama mimi: bia ya kwenye hadithi zetu ni ya mwezi gani? Mhusika anaingia baa, anaagiza "moja baridi", anamkonyeza mhudumu, halafu anaanza kuwaza maisha. (Msicheke, mimi mwenyewe nimeshaandika tatu za namna hiyo.) Hujui kama nje ni masika au kiangazi. Hujui nani kaitengeneza, wala nani atakosa ada isipouzwa. Chupa ile ingeweza kuwa popote duniani, na mhusika naye hivyohivyo. Halafu tunalalamika eti riwaya zetu hazina harufu ya mahali!

Hebu tazameni Japani. Wana pombe yao ya mchele, sake, na kuna ya msimu inayoitwa hiyaoroshi. Inapikwa majira ya baridi, inapashwa moto mara moja tu kuihifadhi, inalazwa ghalani kiangazi kizima, kisha inafunguliwa vuli, joto linapopungua, bila kupashwa moto mara ya pili. Vipo viwanda vidogo vya familia, baba kwa mwana, vinavyoitoa hiyo kila mwaka, na wanywaji wanaisubiri. Desemba 2024 UNESCO iliingiza ufundi wa kutengeneza sake katika orodha ya urithi wa binadamu. Nina hakika mhusika wangu angekunywa hiyaoroshi, mhariri asingegusa kitu. Angesema, "Kijana amesoma huyu!" Kinywaji cha msimu cha familia ya Kijapani ni utamaduni, cha familia ya mjomba wangu ni ushamba. Kwa kipimo gani, bwana?

Najua watakaosema natukuza ulevi. Hapana. Nimewaona waliouza mabati kwa ajili ya mkangafu, na mmoja wao tulikuwa tunakula naye sahani moja. Nimeona pia wachuuzi wanaoongeza maji na sukari, wakauza kwa jina lilelile. Hayo nayo yaandikwe! Lakini utayaandikaje kama neno lenyewe limeshakatwa kwa wino mwekundu?

Na huyo "msomaji wa mjini" ni nani hasa? Dar es Salaam imejaa watu wa Iringa na Njombe. Kwenye kijiwe chetu tuko watano, wawili tumetega mbeta tukiwa bado na kaptura za shule. Hao wengine watatu wakisoma ukurasa mmoja wataelewa, kama mimi nilivyoelewa theluji bila kuiona.

Likizo iliyopita mjomba aliniuliza, "Mjomba, kile kitabu chako, sisi tumo?" Nikamjibu, "Mmo, mjomba." Nilidanganya.

Nimeanza kuuandika upya. Yote kumi na moja nimeyarudisha, na la kumi na mbili nimeliweka kwenye sentensi ya kwanza.