Korosho inauzwa, bibo linaoza

Kila msimu, kuanzia vijiji vya Newala hadi kingo za Ruvuma, korosho hupelekwa ghalani na mabibo mengi huachwa yaoze chini ya mikorosho. Bibo lina uzito mara kadhaa ya korosho yake, lakini mnada wa stakabadhi ghalani, ulioanza 2007, haulijui. Kinachookolewa huwa uraka, unaochacha upesi, au gongo, inayomweka mama mpishi mashakani: sheria ya mwaka 1966 inakataza kutengeneza pombe ya moshi bila leseni.

Huko Goa, India, jina la feni, pombe kali ya mabibo, linalindwa kisheria tangu 2009, na watalii huinunua. Mtwara leseni zianze na vikundi vya kina mama vijijini, pamoja na vipimo vya usalama. Kiwanda cha mjini hakiwezi kulisubiri bibo linaloharibika ndani ya siku moja au mbili.