"Witch-doctor": Jina Moja kwa Watu Wawili

Wapo wahakiki wanaoiona tafsiri ya nomino ambatani ya Kiingereza "witch-doctor" kuwa suala dogo la kamusi. Tunaupinga mtazamo huo. Katika eneo la Malindi na Kilifi, ambako wazee wenye mvi wameuawa kwa kudhaniwa wachawi na wengine wakalazimika kukimbilia hifadhi ya Kaya Godoma huko Ganze, kosa la istilahi haliwezi kuitwa dogo.

Kiingereza huziambatanisha nomino mbili bila kuonyesha uhusiano wake. Katika Uingereza ya karne ya 18, neno hili lilimtaja mtu aliyewatibu walioaminiwa kuwa wamerogwa, yaani adui wa mchawi. Lilipofika Afrika, wasafiri na wamisionari walilitumia kwa mpiga ramli, mtoa mitishamba na mpunga pepo bila kubagua. Kisha Sheria ya Uchawi ya Kenya ya mwaka 1925 ikalitumia kumtaja mtu anayejidai kuwa na uwezo wa kuwatia wenziwe hofu au kuwadhuru. Jina la mponyaji likageuka kuwa jina la mdhuru. Na ni sheria hiyo hiyo inayomtia hatiani anayemshutumu mwenziwe kwa uchawi!

Kiswahili hakina utata huo. Mganga ni mwenye kuganga. Mchawi ni mwenye kudhuru. Wagiriama nao humtenga muganga na mutsai. Methali zetu ni ushahidi tosha: mganga hajigangi, lakini mchawi mpe mwana akulelee. Abadilishaye majina hayo huivunja maana ya methali zote mbili. Nchini Tanzania, cheo cha Mganga Mkuu wa Serikali ni cha daktari wa hospitali, wala hakuna anayemdhania uchawi.

Huenda tukajibiwa kwamba waganga wenyewe wamechangia mauaji kwa kuwataja watu kuwa wachawi. Ni kweli, Kajiwe alivuma miongoni mwa Wamijikenda katika miaka ya 1960 kwa kazi hiyo ya kuwafichua. Lakini hoja hii inatuunga mkono. Ili tuweze kumlaumu mganga anayemtaja ajuza asiye na hatia, hatuna budi kwanza kuwa na majina mawili: la anayetaja na la anayetajwa. Neno "witch-doctor" huwafunika wote wawili, na kwa kufanya hivyo humficha mwenye kosa.

Kwa hiyo, mwanafunzi anayemwita mchawi kila mganga wa riwaya asahihishwe kwa ukali ule ule tunaousahihishia upatanisho wa ngeli. Mtafsiri naye asiandike neno lolote kabla ya kuuliza: mhusika huyu anaganga au anadhuru? Asipopata jibu katika muktadha, aeleze kazi ya mhusika huyo waziwazi badala ya kumbandika jina ambalo, huko Ganze, laweza kumpotezea mzee uhai wake.