Mzimu si Jini, Jini si Pepo

Malenga wenzangu, simgombezi mtunzi wa filamu za kutisha. Kutisha ndiyo kazi yake. Tangu Mussa Banzi atoe Shumileta mwaka 2005 na kutuletea jini mwanamke, mpaka Munafik ya Syamsul Yusof kutoka Malaysia mwaka 2016, yenye ustadhi mponyaji, watazamaji hawajachoka. Hata hapa Mpanda kibanda hujaa.

Ugomvi wangu ni wa msamiati. Shehe katika filamu anasoma Ayatul Kursiyu, na sauti ya Kiswahili iliyotiwa juu yake inamwita mgonjwa mwenye “pepo mchafu”. Hayo ni maneno ya kanisani! Na jini naye si lazima awe shetani: Sura ya 72 ya Kurani inawataja majini waliosikia kisomo wakaamini.

Pepo ana mambo yake. Pwani, anayepandwa huitwa kiti, na pepo huulizwa jina lake na haja yake, akapewa ubani, nguo au ngoma. Kupunga pepo, basi, mara nyingi ni mapatano, wala si kufukuza tu. Filamu hizi zina kitenzi kimoja: toka! Tena neno hilohilo ndilo makao ya waja wema, na kinachotenganisha ni upatanisho: pepo wake, pepo yake. Lugha gani nyingine ingethubutu?

Sasa turudi kwetu. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, umebeba jina la Katabi, mwindaji wa masimulizi ambaye mzimu wake husadikiwa kukaa katika mkwaju kando ya Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi. Watu hupeleka sadaka mtini pale. Hakuna ampungaye Katabi. Nani atamfukuza mwenyeji kwake? Na sarufi inalijua hilo: mzimu na mizimu huandamana na mti na miti, mkwaju na mikwaju, wala si na mtu na watu.

Mtaniambia ni vijineno tu. Lakini mtazamaji aliyebakiwa na neno “shetani” peke yake, jirani yake akianguka kwa kifafa au binti akipiga kelele usiku, atafanya nini? Mwenye neno “kiti” huuliza. Mwenye neno “mzimu” hukumbuka deni la ukoo. Mwenye “shetani” hutafuta fimbo, na filamu zimekwisha kumwonyesha namna ya kuishika.

Atakayeandika filamu ya Katabi, na natamani awe mwana wa Mpanda au Mpimbwe, aanze na upatanisho: mzimu umekasirika. Kisha atusimulie ulitaka nini.