KONA YA MWALIMU: Mafuta ya mgao si ya cherehani

Mwezi huu tuongee habari ya mafuta, ila siyo ya kupikia. Familia nyingi hapa kambini zinapata pesa ya sabuni na chumvi kwa cherehani, baiskeli au mashine ya kusaga. Mashine ikifa, na mboga inakosekana.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa na miaka 13, cherehani ya mama ilianza kuwa nzito na kupiga kelele. Mama hayupo. Nikachukua mafuta ya mgao, nikamimina kila tundu. Mashine ikakimbia vizuri sana, nikajisifu! Baada ya miezi miwili gurudumu likagoma kabisa, na sare za shule za watu ziko mezani hazijaisha. Mama alirudisha pesa za watu. Fundi alipofungua alikuta uchafu wa kahawia unanata kama gundi. Aliulainisha kwa mafuta ya taa, mbali na moto, akafuta kila chuma, ndipo akaweka mafuta yake ya haki.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Chuma kikisuguana na chuma kinapata joto na kinalika. Mafuta yanakaa katikati ili visigusane. Lakini mafuta ya kula, hata mawese, yakipigwa na hewa na joto yanageuka kuwa utando mgumu. Angalieni karai la kukaangia la zamani: ule utando wa kahawia pembeni hautoki hata kwa sabuni. Ndio huo huo uliokaba cherehani ya mama. Mafuta ya cherehani yanatengenezwa kutokana na mafuta ya ardhini. Ni mepesi na hayanati upesi.

Basi, kila mashine na mafuta yake. Na siku zote zima mashine kwanza, ndipo uweke.

CHEREHANI: Toa vumbi na nyuzi. Weka tone moja katika kila tundu, na tone moja pale bobini inapokaa. Kama unashona kutwa, fanya hivyo kila siku. Zungusha gurudumu kwa mkono, halafu shona kitambaa kibovu mpaka alama ya mafuta iishe. Ndipo ushike nguo ya mteja.

MASHINE YA KUSAGA: Injini ya dizeli inataka oili nzito. Nyingi zinatumia namba 40, lakini fuateni namba aliyoandika mtengenezaji. Namba ikiwa kubwa, oili ni nzito zaidi. Pima oili kila siku kabla ya kuwasha. Beringi zinawekwa grisi, kwa sababu yenyewe haichuruziki, inakaa pale pale. Usizijaze kupita kiasi, zitachemka. Grisi inayotoka nje ifutwe, isije ikaingia kwenye unga wa watoto. Mkanda usipakwe kitu, utateleza.

BAISKELI: Futa mchanga kwenye mnyororo, weka matone, zungusha pedeli, halafu futa yaliyobaki juu. Mafuta yakizidi yanashika vumbi. Breki na rimu msiziguse kwa mafuta, mtashindwa kusimama kwenye mteremko.

Sasa neno juu ya oili chafu, ile iliyotolewa kwenye injini. Wengine wanaitia kwenye cherehani kwa sababu ni ya bure. Hapana! Ina masizi na chembe za chuma. Inakula mashine na kuchafua nguo. Wengine wanaipaka kwenye vidonda kama dawa. Hiyo si dawa kabisa. Ikigusa ngozi mara kwa mara kwa miaka inaweza kuleta hata kansa, kwa hiyo nanyi mafundi naweni kwa sabuni. Msiimwage karibu na maji, na msiiweke kwenye chupa ya maji au ya soda. Mtoto haulizi, anakunywa tu.

Kichupa cha mafuta ya cherehani kina bei ndogo kuliko kurudisha pesa za wateja. Mama yangu anajua. Mpaka leo nikikaribia cherehani yake, kwanza anaficha mafuta ya kupikia.

Maswali yenu leteni shuleni. Tukutane mwezi ujao.

Ni mimi mwalimu wenu.