Mwanafunzi wa fildi akibisha hodi, naye aulizwe

“Hodi! Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

Hivyo ndivyo mazungumzo huanza katika nyumba nyingi za Chamwino, Bahi na Kongwa, vyuo vinapotoa wanafunzi wao kwenda mafunzo kwa vitendo, maarufu kama fildi. Kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana au Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, vijana hao hupangiwa zahanati, ofisi za kata, vikundi vya kina mama na asasi za kiraia.

Kijana hutoa dodoso. Choo kipo? Maji mnachota wapi? Mtoto amekula nini jana? Mama hujibu yote huku ndoo ikimsubiri. Saa moja inaisha, kijana anashukuru na kuondoka. Mara nyingi mama hasikii tena majibu yake yaliishia wapi.

Hapo ndipo penye tatizo. Ushirikiano wa chuo na kijiji una maana pale tu pande zote mbili zinapoondoka na kitu mkononi.

Kongwa ina mfano mzuri. Miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani na wenzao wa Tanzania walikwenda wilayani humo kwa sababu ya trakoma, ugonjwa wa macho ambao wengi huuita vikope. Bakteria wake huenezwa na mikono, vitambaa na nzi wanaotua kwenye nyuso chafu za watoto. Mtu akiambukizwa mara kwa mara, kope hujikunja kwa ndani na kukwaruza jicho, na mwisho wake huweza kuwa upofu.

Ushauri wa haraka ungekuwa kuwaambia wazazi wawanawishe watoto uso. Lakini familia zilipoulizwa, jibu lilikuwa maji. Maji yalifuatwa mbali, na wengi waliamini kuwa kunawa uso kunahitaji maji mengi. Ndipo wanakijiji wakaonyeshwa kwa vitendo kuwa lita moja hunawisha nyuso nyingi kuliko walivyodhani. Mazungumzo pia yaligusa nani anaamua matumizi ya maji nyumbani, kwa hiyo akina baba nao walihusika.

Baadaye vijiji sita vililinganishwa. Vyote vilipewa dawa ya macho, lakini vitatu viliongezewa uhamasishaji wa kunawa uso ulioshirikisha wanakijiji wenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kuwa trakoma kali ilikuwa ndogo zaidi kwa watoto wa vijiji hivyo vitatu.

Mwanafunzi wa fildi hana miaka wala fedha za mradi kama ule. Ana wiki chache tu. Hata hivyo anaweza kuanza kwa kuuliza kinachoisumbua familia kabla ya kutoa ushauri.

Familia nayo ina haki ya kuuliza. Swali la kwanza: nani amekutuma? Mwanafunzi anapaswa kuwa na barua ya utambulisho, na mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa mtaa awe na taarifa zake. Mzazi asiyetaka kujibu anaweza kukataa, na hilo lisimnyime huduma zahanati.

Swali la pili: majibu yetu yatarudi lini? Si lazima iwe ripoti nene. Nusu saa kwenye mkutano wa kijiji au siku ya kliniki ya watoto inatosha kueleza kilichoonekana.

Swali la tatu: ukiondoka, nani ataendelea? Kama kijana amefundisha uji wa lishe au amesaidia kutengeneza kibuyu chirizi cha kunawia mikono, afanye kazi hiyo pamoja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii au kikundi cha kina mama. Hao watakuwepo hata Oktoba, maji yanapokuwa shida zaidi.

Vyuo navyo vinaweza kusaidia kwa jambo dogo: pamoja na ripoti anayompelekea msimamizi, mwanafunzi aandike ukurasa mmoja wa Kiswahili rahisi na kuuacha ofisi ya kijiji. Kijana wa mwaka unaofuata ataanzia hapo, na mama hataulizwa upya kama ana choo.