Salio Likikatwa Pasipo Ridhaa

Katika nyumba nyingi, salio la simu likipungua bila mtu kupiga, wa kwanza kutuhumiwa ni mtoto. Tunawanasihi wazazi wasiharakishe. Huenda namba imeunganishwa na huduma isiyoombwa na yeyote: wimbo wa mwito, habari za michezo, hata mawaidha. Na kama ni mtoto aliyebofya tangazo bila kujua, afundishwe, asiitwe mwizi.

Shilingi 100 kwa siku huonekana haba. Kwa mwaka ni shilingi 36,500. Hata hivyo, dhulma haipimwi kwa wingi wa fedha. Qur'ani Tukufu, katika Suratun-Nisaa aya ya 29, inakataza kuliana mali kwa batili na inaruhusu biashara ya kuridhiana. Kimya cha mteja si ridhaa.

Lakini haki haidaiwi kwa manung'uniko. Tuhifadhi ujumbe wa makato, tuandike tarehe, saa na kiasi. Tupige huduma kwa wateja, tutake huduma iondolewe na fedha zirejeshwe, na tuombe namba ya lalamiko. Tusiporidhika na jibu, tulifikishe shauri Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), tukiwa na kumbukumbu hizo mkononi.

Na ikidhihirika kuwa mtoto alituhumiwa bure, mzazi asione haya kumtaka radhi. Salio laweza kurejeshwa na kampuni. Heshima ya mtoto itarejeshwa na aliyeivunja.