Mjadala wa bajeti ni Februari, si Juni
HOJA YA WIKI
Na Rehema Mwakio

Kufikia tarehe 15 Februari kila mwaka, Hazina ya Kitaifa ya Kenya inatakiwa kuwasilisha bungeni Taarifa ya Sera ya Bajeti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ndiyo inayoagiza hivyo, na inawapa wabunge siku 14 za kuijadili na kuipitisha, pamoja na marekebisho au bila. Jaribu kukumbuka mara ya mwisho ulipomsikia mbunge wako redioni akiizungumzia. Wengi wetu hatukumbuki, na hapo ndipo penye kasoro inayotugharimu kila mwaka, hasa mwaka ambao uchumi umeyumba.

Juni kila mtu husikia. Mswada wa Fedha huchomoza, vituo vya redio huuliza bei ya mkate itapanda kiasi gani, na wabunge husimama mmoja mmoja kuunga mkono au kupinga kwa sauti ya juu. Lakini kufikia Juni, mambo makubwa yamekwisha kuamuliwa. Taarifa ya Februari ndiyo inayoweka viwango: serikali kuu itatumia ngapi, Mahakama ngapi, Bunge lenyewe ngapi, na pengo litakalobaki litazibwa kwa mikopo ya kiasi gani. Mkakati wa madeni huja pamoja nayo. Ifikapo Aprili 30, makadirio ya matumizi huletwa yakifuata viwango hivyo. Kazi inayobakia kwa Mswada wa Fedha ni kutafuta pesa za kugharimia kilichokwisha kukubaliwa. Mbunge aliyekaa kimya Februari kisha akapinga ushuru Juni anagomea bili ya chakula alichoagiza mwenyewe.

Miaka ya neema, makosa kama haya hufichwa na mapato yanayokua. Miaka ya dhiki hayafichiki. Mfano ninaoufikiria sana ni wa 2020, kwa sababu mwaka ule Bunge lilijadili uchumi mara tatu, na kila mara likamsahau mtu aliyeumia zaidi.

Korona ilipoingia nchini Machi, hoteli za Pwani zilikuwa miongoni mwa biashara za kwanza kufunga milango. Wageni kutoka nje walikuwa zaidi ya milioni 2 mwaka 2019. Mwaka uliofuata hawakufika laki 6. Sekta ya malazi na vyakula ilinywea kwa karibu nusu. Wahudumu wa Diani, Watamu na Malindi walirudishwa makwao, wengi bila mshahara, na waliokuwa wakiziuzia hoteli samaki, mboga na madafu wakapoteza soko papo hapo. Mwaka ulipokwisha, hesabu za taifa zilionyesha kuwa uchumi wote ulikuwa umepungua kwa asilimia 0.3.

Aprili, wabunge wachache walioruhusiwa kuingia ukumbini kwa masharti ya korona walipitisha marekebisho ya sheria za ushuru. VAT ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Kiwango cha juu cha PAYE kikashuka kutoka 30 hadi 25, na ushuru wa faida za kampuni vivyo hivyo. Mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi aliondolewa PAYE kabisa, na ushuru wa mauzo kwa wafanyabiashara wadogo ukatoka asilimia 3 hadi 1. Yalikuwa mambo mema, nami nisingetaka yasifanyike.

Lakini hebu tumfuate mhudumu mmoja wa hoteli ya Watamu aliyerudishwa nyumbani. Hana hati ya mshahara tena, kwa hivyo punguzo la PAYE halimhusu. Unga wa mahindi na mkate wa kawaida haukuwa ukitozwa VAT tangu mwanzo, kwa hivyo punguzo la VAT halikufika kwenye sufuria yake. Dada yake anayekaanga viazi kando ya barabara hana mwajiri wala cheti cha ushuru, kama ilivyo kwa Wakenya wengi sana, maana nje ya kilimo cha wadogo zaidi ya asilimia 80 ya ajira zetu ziko katika sekta ya jua kali. Aliyenufaika kwa pesa nyingi zaidi alikuwa yule mwenye mshahara mnono ambao haukukatika hata mwezi mmoja. Kwa wazee, mayatima na wasiojiweza Rais alitangaza shilingi bilioni 10. Je, mgao ule ulitosha? Kila shilingi iliyosamehewa mwenye mshahara mkubwa ingefanya nini ikipelekwa moja kwa moja kwa simu ya mtu aliyepoteza kazi? Huo ndio uliostahili kuwa mjadala, kwa saa nyingi na kwa hesabu zilizowekwa mezani. Haukufanyika kwa uzito huo. Tangu salamu za maridhiano za Machi 2018 kati ya Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, na kiongozi wa upinzani Raila Odinga, upinzani ulikuwa umeingia upande wa serikali, na hapakuwa na chama chenye nguvu cha kuleta hesabu mbadala.

Mara ya pili ilikuwa Juni mwaka huo huo, na hii bado inanikera. Ndani ya Sheria ya Fedha ya 2020, Bunge liliingiza kodi ya kima cha chini: asilimia 1 ya mauzo yote ya biashara, iwe imepata faida au imepata hasara, kuanzia Januari 1, 2021. Chukua mwenye duka la jumla anayeuza bidhaa za shilingi milioni 10 kwa mwezi na kubaki na laki 1 baada ya gharama zote. Asilimia 1 ya mauzo yake ni hiyo hiyo laki 1. Mwenye hasara angelazimika kukopa ili alipe. Na sheria hii ilipitishwa katikati ya mdororo, baa zikiwa zimefungwa kwa amri ya serikali na kafyu ikiendelea.

Walioibomoa hawakuwa wabunge. Ni wenye baa wa Kitengela waliokwenda mahakamani. Septemba 2021, Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu ya Machakos aliitangaza kodi hiyo kuwa kinyume cha Katiba, na Desemba 2022 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana naye. Kifungu cha 201 kinasema mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Wanaume na wanawake wanaouza bia Kitengela walikisoma kifungu hicho na kukifanyia kazi waliyochaguliwa kuifanya wengine.

Mara ya tatu wabunge waliitwa kutoka likizoni siku chache kabla ya Krismasi ili warudishe VAT hadi 16 na PAYE na ushuru wa kampuni hadi 30 kuanzia Januari. Waliwaachia wananchi nafuu ya shilingi 24,000 na ule ushuru mdogo wa mauzo, jambo ninalowapongeza. Lakini sheria inayogusa kila risiti nchini ilipitishwa katika kikao maalum cha haraka, hali hoteli nyingi za Pwani zilikuwa bado zinahangaika.

Bunge lisipojadili, mjadala huhama. Aprili 2021, Shirika la Fedha Duniani lilipotuidhinishia mpango wa dola bilioni 2.34, Wakenya zaidi ya laki 2 walitia saini mtandaoni kulisihi shirika hilo lisitukopeshe. Juni 2024 mjadala ulihamia barabarani. Mswada wa Fedha uliokusudia kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106, na saa hiyo hiyo vijana walikuwa wakipigwa risasi nje ya Bunge. Kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia saini. Wale vijana walikufa wakipinga mswada ambao mizizi yake ilikuwa katika viwango vilivyowekwa miezi minne nyuma, bila kelele wala kamera. Sitaki tena kuona mtoto wa mtu akifia swali ambalo mbunge wake angeliuliza akiwa ameketi kwenye kiti chake.

Mbali na Februari, kuna mlango mwingine wa pesa unaohitaji kulindwa. Kifungu cha 223 cha Katiba kinairuhusu serikali kutumia pesa ambazo Bunge halijaidhinisha, mradi zisizidi asilimia 10 ya bajeti ya mwaka, kisha ije kuomba idhini ndani ya miezi miwili. Kimewekwa kwa ajili ya dharura: ukame, mafuriko, maradhi. Lakini mwaka 2023 Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, aliiambia kamati ya Bunge kwamba alishinikizwa kuidhinisha zaidi ya shilingi bilioni 15 kupitia kifungu hicho siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022. Ndani yake mlikuwa na bilioni 6 na ushei za kununua hisa za kampuni ya Telkom. Bajeti ya nyongeza inapofika bungeni pesa zikiwa zimekwisha kutoka, mjadala wake ni wa kuandika kumbukumbu tu. Bunge lina uwezo wa kusema hapana na kumtaka aliyetumia ajibu. Halijauzoea.

Mfumo wetu nao una sehemu yake. Mawaziri hawawi wabunge, kwa hivyo Waziri wa Fedha hufika kusoma bajeti na kuondoka. Tangu 2023 mawaziri wameanza kuja ukumbini kujibu maswali, na hiyo ni hatua nzuri. Ningependa Waziri wa Fedha aitwe katika hizo siku 14 za Februari, na mbele yake iwekwe ripoti ya Ofisi ya Bajeti ya Bunge. Wataalamu wa ofisi hiyo hulipwa na sisi kuchambua namba hizi, na kazi yao aghalabu huishia kwenye makabati ya kamati.

Kamati ya Bajeti na Matumizi hupokea maoni ya umma kupitia kwa Karani wa Bunge la Kitaifa, na matangazo hutoka magazetini. Andikeni. Vyama vya wenye baa, vya bodaboda, vya wahudumu wa hoteli, vya wakulima wa majani chai: pelekeni ukurasa mmoja tu. Na mbunge wenu akija mashinani wikendi hii, msimuulize kuhusu barabara peke yake. Muulizeni makadirio ya mapato ya mwaka ujao yamejengwa juu ya ukuaji wa asilimia ngapi, na ikiwa ukuaji huo hautafikiwa, ni wizara gani itakayokatwa kwanza.